Tochi ya kwenye gari, ninunue ipi?

SWALI: Mambo fundi, mi naendesha Noah Dar-Moro, tochi naiweka kwenye dashibodi ila nikipata pancha usiku haiwaki, shida nini?

JIBU: Poa kaka. Mara nyingi shida ni betri, hizi alkalaini za kawaida gari likishinda juani zinavuja, fungua uone kama kuna ungaunga mweupe kwenye springi. Chukua tochi ya LED inayotumia betri za saizi ya AA uweke lithiamu zile zisizochajiwa za volti 1.5, bei imechangamka kidogo lakini zinavumilia joto na zinakaa miaka. Betri za kuchaji usiziache humo garini. Kifuniko cha nyuma kilegeze isijiwashe yenyewe, na bora ununue ya kuvaa kichwani, kung'ata tochi huku unafungua nati ni mateso tu jamani.