Mbona picha yangu ya nyota ni nyeusi tii?

*Mwalimu, nilikesha ufuoni Dunga nikapiga picha 60 za nebula ya Jabari, lile wingu la gesi na vumbi katika kundinyota la Jabari (Orion). Nimezirundika ziwe moja kwa programu ya Siril, ikatoka picha nyeusi tii yenye nyota tatu. Nimeharibu wapi?* (Msomaji, Kisumu)

Hujaharibu kitu, dada. Nebula imo humo. Sensa, kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga, huhesabu mwanga bila kuupamba: mwanga ukiwa maradufu, namba nayo huwa maradufu. Mwanga wa nebula ni hafifu mno, kwa hiyo namba zake zote zimejibana upande wa kushoto wa histogramu (mchoro unaopanga namba hizo kutoka giza hadi weupe), na macho yetu yanaona giza tu. Kazi yako ni kuuvuta mwanga huo utoke gizani, yaani kuzikuza namba hizo kwenye programu.

Hapa ndipo wengi tunapoumia. Ukivuta yote kwa mkupuo mmoja, nyota huvimba na kuwa nyeupe pe, rangi zake zikapotea, na kiini cha Jabari kikaungua. Vuta kidogo, tazama, vuta tena, hata mara tano au sita. Katika kiini hicho mna nyota nne zilizosongamana, zisipoonekana, umepitiliza. Usiku mwingine piga pia picha za sekunde chache tu kwa ajili ya kiini, kisha uziunganishe na zile ndefu. Kwangu hakuna njia nyingine iliyowahi kukiokoa.

*Nina picha 20, zimejaa chengachenga, vile vidoadoa vya fujo. Nikipiga 40, chenga zitapungua nusu?* (Nakuru)

Hapana, na afadhali ujue mapema. Chenga hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya picha. Kutoka 20 hadi 40 utapata nafuu ya mara 1.4 hivi, ukitaka nusu, unahitaji 80. Si lazima ziwe za usiku mmoja. Masika yakianza Machi mawingu hutunyima anga, na kufikia Mei Kilimia, lile kundi la nyota ndogondogo, kinazama na jua, Jabari akikifuata. Hifadhi ulizo nazo, uongeze nyingine Desemba.

*Pembe za picha ni nyeusi, na katikati kuna madoa kama pete.* (Kakamega)

Pembe ni lenzi, pete ni vumbi. Usihangaike kuzifuta kwa brashi ya kompyuta. Kabla hujaitenganisha kamera na lenzi, funika lenzi kwa fulana nyeupe isiyo na mikunjo, ielekeze kwenye anga la alfajiri, upige picha 20 au 30. Usiguse fokasi wala tundu la lenzi. Programu itazitumia kusawazisha mwanga.

*Kila kitu ni kijani!* (Bungoma)

Ni kawaida. Sensa nyingi zina vichujio viwili vya kijani kwa kila kimoja chekundu na kimoja cha buluu. Sawazisha rangi kabla ya kuvuta mwanga.

*Miezi minne sasa, na kila nikichakata naona inazidi kuwa mbaya. Nimechoka, nataka kufuta kila kitu.* (Nakuru)

Tafadhali usifute, ndugu yangu. Picha nilizopiga ukingoni mwa Menengai nimezichakata upya mara saba, na ile ya saba ilitokana na faili zilezile za kwanza. Acha kuchakata usiku wa manane. Macho yaliyochoka huzidisha rangi. Kisha nitumie faili za RAW, yaani zile ghafi zilivyotoka kwenye sensa, si JPEG zilizokwisha kubanwa. JPEG hubakiza ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi, ilhali RAW ya biti 14 ina 16,384, na nebula yako imejificha katika zile za chini kabisa. Nitaketi nazo Jumamosi.