Kabla ya kulipia mwongozo wa fundi, soma kibandiko cha nyuma

Andika "Tektronix 465 service manual" (mwongozo wa fundi wa osiloskopu ya Tektronix, kifaa cha kupimia mawimbi ya umeme) kwenye Google na utakutana na maduka yanayouza PDF kwa dola kumi na kitu. Mwongozo huohuo uko TekWiki, tovuti ya kumbukumbu za vifaa vya Tektronix, bure, bila hata kujisajili. Muuzaji hakuuandika, hakuchora sakiti, na mara nyingi hata kuskani hakuskani yeye. Alichofanya ni kupakua, kubandika nembo ya duka lake juu ya michoro na kuweka bei. Inauma, kwa sababu mnunuzi ni fundi ambaye hela hiyo ingemnunulia kapasita za kumaliza kazi.

Wauzaji hawa wanaishi kwa watu wanaotafuta kwa jina la kifaa. Ukitafuta kwa namba, mara nyingi unawapita.

Geuza kifaa, usome kibandiko cha nyuma. Nakili modeli pamoja na herufi ya mwisho, maana 465 na 465B ni sakiti tofauti, kisha nakili namba nzima ya serial (serial number). Miongozo yenyewe pia ina namba zake. Ya Tektronix ya zamani huanza na 070, na tarakimu mbili za mwisho ni toleo. Ya HP hubeba modeli mbele, kisha kistari, kisha namba inayoanza na 9. Ukiipata namba hiyo, iandike Google ndani ya alama za kunukuu na uongeze filetype:pdf ili zije PDF tu. Kwa vifaa vya kupimia vya HP, rudia kwa majina matatu: HP, Agilent (tangu 1999) na Keysight (tangu 2014). Ni ukoo mmoja, na Keysight yenyewe imekuwa ikitoa bure miongozo mingi ya zamani.

Namba ya serial ina kazi kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Chukua HP yenye 2215A mwanzoni: jumlisha 60 na 22 upate 82, yaani 1982, 15 ni wiki, A ni Marekani. Tarakimu hizo nne ndizo zinazokuambia kama mwongozo ulio nao unahusu bodi iliyo mbele yako. Zikitofautiana na zile za ukurasa wa mwanzo wa mwongozo, nenda kwenye kurasa za mabadiliko, maana huenda rezista au transista kadhaa zilibadilishwa katikati ya uzalishaji. Kurasa hizo mara nyingi hukosekana kwenye nakala za kuuzwa, na fundi anaishia kutafuta hitilafu isiyokuwepo.

Pa kutafutia, mbali na TekWiki: BAMA na KO4BB kwa redio za mawasiliano na vifaa vya kupimia, Elektrotanya kwa TV na redio, HiFi Engine kwa amplifaya (unajisajili, hulipi), Bitsavers kwa kompyuta za zamani, na Internet Archive kwa karibu kila kitu. Mafundi wa hospitali waanze na Frank's Hospital Workshop, kisha iFixit, ambayo mwaka 2020 iliweka wazi miongozo zaidi ya 13,000 ya vifaa tiba. Tovuti nyingine zina matangazo yanayojifanya kitufe cha kupakulia. Faili la kweli huishia na .pdf, .djvu, .zip au .rar. Likija .exe au .apk, lifute bila kulifungua. Faili za .djvu zinafunguka kwa SumatraPDF kwenye Windows.

TV nyingi za bei nafuu zinazouzwa kwetu hazina mwongozo wa fundi popote, na hapo ndipo wauzaji wanapovuna, kwa kukuuzia mwongozo wa mtumiaji wenye jalada jipya. Jina lililo mbele ya TV liache. Fungua mgongo, usome namba iliyochapwa kwenye bodi kuu, mara nyingi inaanza na TP. au T., ndiyo uitafute.

Mchoro ukikosekana kabisa, soma namba ya IC (chipu) na upakue datashiti yake, yaani karatasi ya maelezo ya chipu hiyo, kwenye tovuti ya mtengenezaji. Datashiti ni bure, na ndani yake mara nyingi kuna mfano wa sakiti ambao bodi yako imeufuata kwa karibu. Tuseme pawasaplai au chaja inaendeshwa na chipu ya UC3842. Datashiti inasema mguu wa 5 ni grandi, wa 6 ni kutoa, wa 7 ni kulisha, wa 8 ni volti 5 za rejea. Inaanza kazi kwenye volti 16 na kukata kwenye 10. Weka waya mweusi wa mita kwenye mguu wa 5, siyo kwenye grandi ya upande wa pili wa transfoma, na mwekundu kwenye wa 7. Volti zisipofika 16 kabisa, shuku kwanza rezista ya kuwashia. Zikipanda hadi karibu 16, zikaanguka, zikapanda tena, IC inaamka lakini hailishwi: kapasita ya mguu wa 7 imekauka, diodi ya waya msaidizi wa transfoma unaoilisha IC imekatika, au upande wa pili una shoti. Upande huu umeungana na umeme wa ukutani, kwa hiyo ukishachomoa, toa chaji kwenye kapasita kubwa kabla ya kugusa. Pia usiweke UC3842 mahali pa UC3843. Ile ya 3843 huanza kwenye volti 8.4, na bodi iliyotengenezwa kwa ajili yake huenda isifikishe 16.

Kulipa si kosa kila wakati. Mwongozo halisi wa karatasi una thamani yake, na yuko muuzaji ambaye ameskani upya michoro ya kukunjua ikiwa mizima. Mwombe kwanza idadi ya kurasa, orodha ya yaliyomo na kipande cha mchoro mmoja. Pasipo maelezo ya utendaji, marekebisho, orodha ya vipuri na michoro, huo si mwongozo wa fundi.

Nakala yoyote, ya bure au ya kununua, ikuze hadi asilimia 400 na ulinganishe thamani za kwenye mchoro na orodha ya vipuri. Mwaka 2013 David Kriesel wa Ujerumani alionyesha kuwa mashine fulani za Xerox zilikuwa zikibadilisha tarakimu wakati wa kuskani, 6 ikawa 8, kwa sababu ya ubanaji wa picha. Kwenye mchoro, kosa hilo linageuza 680 kuwa 880.

Ukiwa na mwongozo wa karatasi ambao haupo mtandaoni, uskani: maandishi kwa dpi (nukta kwa inchi) 300, michoro kwa dpi 600, rangi ya kijivu badala ya nyeusi na nyeupe tupu. Mchoro wa kukunjua uchukue vipande vinavyopandana sentimita tatu hivi ili viunganike. Hakikisha mtengenezaji hakatazi, kisha uweke Internet Archive, jina la faili likiwa na modeli, namba ya mwongozo na toleo.