Usimwachie samaki kabla hujaisoma picha

Nimesoma swali lako mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale pale. Unajiandaa kwa mashindano ya kuvua samaki kwa kayaki, ule mtumbwi mdogo mwembamba, na umeuliza mengi: ununue ya kanyagio au ya kafi, mwezi wa tatu utumie chambo gani, kwenye ziwa la Lake Fork huko Texas ushukie wapi ukitokea Dallas, na laifu jaketi ya aina gani. Halafu katikati, kama jambo dogo tu, umeandika kwamba rafiki yako kakushauri upige picha chapuchapu, umrudishe samaki majini, kisha picha uzipitie jioni ukishafika kwenye gari.

Ndugu yangu, usifanye hivyo. Hayo mengine yote yangoje kwanza.

Ushauri huo niliupewa mimi, karibu neno kwa neno, kwenye ziwa hilo hilo na mwezi huo huo. Ulinipotezea samaki mkubwa kuliko wote niliowahi kuwatoa majini tangu nihamie Marekani. Imepita miaka mitatu na bado nikiona mtu anaandika "picha utazipitia jioni" moyo unanienda mbio.

Kwa wenzetu wanaosoma bila kuujua mchezo huu, kwenye mashindano ya kayaki hakuna mizani. Boti kubwa zina tangi la kuwekea samaki hai mpaka saa ya kupima uzito. Kayaki haina nafasi hiyo. Kwa hiyo unavua, unamlaza samaki kwenye ubao wa kupimia, unapiga picha, unamwachia. Urefu wa samaki wako watano warefu zaidi unajumlishwa, na mara nyingi inchi huhesabiwa kwa robo, kilichozidi kikikatwa. Ili mtu asilete picha ya mwaka jana, waandaaji hutoa alama ya siku ile, usiku wa kuamkia mashindano au alfajiri yake. Unaiandika kwenye kadi, na kadi lazima ionekane kwenye kila picha. Picha unazituma kwa programu ya simu, jaji anazikagua, basi. Hakuna anayemwona samaki wako kwa macho.

Na Lake Fork kuna jambo la ziada. Sheria ya jimbo pale inataka besi, yule samaki tunayemshindania, wa kati ya inchi 16 na 24 arudishwe majini. Kwa hiyo hata ungetamani kumbeba ukamwonyeshe jaji, huna ruhusa. Picha ndiyo shahidi wako wa pekee.

Mimi nimekulia Mtongwe, upande wa Likoni. Baba yangu alikuwa mvuvi wa mshipi. Kwetu samaki akishaingia chomboni ni wako. Unachobishana ni bei tu, pale bandarini. Nilikwenda na akili hiyo hiyo Lake Fork, na nadhani wewe uliyekulia Kisumu unakwenda nayo vile vile. Huku samaki akiingia kwenye kayaki bado si wako.

Nikueleze ilivyokuwa. Ziwa lile ni kubwa, takriban ekari 27,000, na sehemu nyingi zimejaa miti iliyokufa tangu bwawa lilipojengwa, imesimama majini kama nguzo za nyumba iliyoungua. Asubuhi ile kulikuwa na ukungu. Nilijiegesha kwenye miti minne mitano, nikashusha mnyoo wa mpira mweusi karibu na shina, nikauacha ukae chini kimya. Kufika saa mbili na nusu nilishakuwa na samaki wanne: inchi 18, 17 na robo, 15 na nusu, 14 na robo tatu. Kwa mtu wa mara ya kwanza, nilikuwa pazuri.

Wa tano hakuvuta kwa kishindo. Mshipi ulianza tu kwenda pembeni polepole, kama mtu anayeondoka bila kuaga. Nilipoukaza, kayaki nzima iligeuka. Alinipeleka mpaka kwenye mti, nikausukuma kwa mguu huku fimbo imejipinda hadi majini, na alipoibuka kutikisa kichwa niliona mdomo ambao ngumi yangu ingeingia bila kugusa pembeni. Nilimtia wavuni mikono ikitetemeka. Ubaoni alifika inchi 21 na robo tatu.

Sasa sikiliza vizuri, maana makosa yangu yote yalikaa ndani ya dakika moja.

Kadi yangu ilikuwa kwenye mpira, nimeivaa kifundoni mkono wa kushoto, kwa sababu ndivyo nilivyoona watu wakifanya. Samaki nilimshika kwa mkono huo huo. Alipojirusha nilikaza kiganja, kifundo kikageuka, na kadi ikageuka nacho ikatazama ubao. Sikuona. Nilikuwa nimevaa miwani ya jua ya wavuvi, ile inayokata mng'ao wa maji ukaona chini. Miwani ya aina hiyo ukiitazamia simu, kwa pembe fulani kioo cha simu kinakuwa cheusi kabisa. Nilijua tu kwamba simu imelia "chwap". Nikabonyeza tena, ikalia tena. Picha mbili. Nikajiambia mbili zinatosha, maana niliambiwa samaki asikawie nje ya maji na picha nitazitazama baadaye. Nikamshusha. Alitulia kidogo kando ya kayaki, nikaona mstari mweusi wa ubavuni, kisha akanipiga maji usoni kwa mkia akazama.

Nilimpigia baba simu pale pale majini. Alifurahi kuliko mimi. Akauliza, "Sasa samaki mwenyewe yuko wapi?" Nikamwambia nimemwachia, baba, ninayo picha.

Saa tisa mchana nilirudi nchi kavu, nikatuma zote. Wanne wakapita. Wa tano akarudi na maneno mawili: kadi haionekani. Nikaifungua picha ya pili nikiwa nimevua miwani sasa. Kosa lile lile. Samaki mzuri, mdomo umefumba, mkia umenyooka juu ya mistari, tarakimu zinasomeka, na kwenye kifundo cha mkono mpira mweusi mtupu. Nilikimbilia meza ya waandaaji. Jaji aliichukua simu, akaivuta picha kwa vidole viwili, akaitazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Akaniambia, "Ninakuamini kabisa, lakini siwezi kuipokea." Hakuwa mtu mbaya. Akiipokea yangu, kesho atapokea ya nani?

Hesabu ninaijua kwa moyo. Kwa samaki wanne nilikuwa na inchi 65 na nusu. Na yule wa tano ningefika 87 na robo. Aliyeshika nafasi ya pili alikuwa na 86. Kulikuwa na pesa kwenye nafasi hiyo, lakini pesa nimeshazisahau. Kilichonikaa ni ile sauti ya baba.

Nije kwa aliyenipa ushauri, maana huyo rafiki yako anazungumza kama yeye. Alikuwa mzoefu, miaka mingi kwenye mashindano, na alinifuata mwenyewe kwenye maegesho alfajiri akaniona mgeni. Akaniambia nisipoteze muda na picha, majaji hawana shida, muda majini ndio ushindi. Nilimshukuru kwa mikono miwili. Baada ya matokeo akanipiga bega: "Hutokea." Yakaniuma lakini nikanyamaza. Mwezi uliofuata tulikuwa kwenye kijito kimoja, nikamtazama akivua. Alimtia samaki wavuni, akamwacha humo humo majini, akavua miwani, akafuta simu kwa kitambaa, akapiga picha nne, na kila moja aliitazama kabla ya kupiga nyingine. Alijifanyia mwenyewe kila kitu ambacho mimi aliniambia nisifanye! Sijui kama ni wivu au ni kwamba mikono yake imezoea hata haoni tena inachofanya. Kwa mgeni hakuna tofauti: neno la mtu wa namna hiyo linamzamisha. Usisikilize anachosema mzoefu majini, mtazame anachofanya.

Na hao wanaoweka video nao nina neno nao. Wanakuonyesha samaki akiruka, wanakuonyesha akirudi majini, na zile dakika mbili za kati wanazikata kwa sababu hazina raha. Mashindano yote yako kwenye hizo dakika mbili.

Kanuni yangu sasa ni moja na siivunji: samaki haondoki mpaka picha isomwe. Nasema isomwe, siyo itazamwe.

Samaki akishaingia wavuni, mwache wavuni, na wavu uwe ndani ya maji kando ya kayaki. Mpini wake uukalie kwa paja. Humo anapumua na anapumzika, wala hana haraka. Mwenye haraka ni wewe. Sasa tayarisha kila kitu huku samaki bado yuko majini. Ubao uloweshe ili usimchubue ute wake, ila pale penye tarakimu pitisha kidole gumba, maana tone moja la maji likipigwa na jua linafuta namba nzima kwenye picha. Ukiwa na Hog Trough, ule ubao wa plastiki wenye umbo la hori, mistari yake ijaze wino mzito nyumbani, la sivyo haisomeki. Kadi usiivae mkononi. Ifunge kwenye ubao wenyewe, upande wa mgongo wa samaki, kama kanuni za mashindano yako zinaruhusu. Zisome usiku, kila waandaaji wana zao. Simu iwe na kamba, imefunguliwa tayari kwenye programu. Miwani vua, itie mfukoni.

Hapo ndipo umtoe. Pua iguse ukingo wa ubao, mdomo ufumbe, kiganja kisizibe mkia wala kisiingie kwenye matamvua. Jikinge jua kwa mgongo ili kivuli chako kiuangukie ubao wote, kwani nusu jua nusu kivuli ni mbaya kuliko jua tupu. Piga tatu. Mrudishe wavuni, majini, na sasa soma kwa sauti. Mimi husema kwa Kiswahili, hata wakinitazama: pua imegusa, mdomo umefumba, mkia unaonekana, tarakimu zinasomeka, kadi inasomeka. Kimoja kikikosekana, samaki yupo bado, unarudia. Vyote vikiwepo, teremsha wavu aondoke mwenyewe.

Kipimo changu cha muda wa nje ya maji: ninapomtoa naziba pumzi yangu. Nikihitaji kuvuta pumzi, naye anahitaji. Anarudi majini tunaanza upya.

Watakuambia unapoteza dakika tatu kwa kila samaki. Ndiyo, nazipoteza. Samaki watano ni robo saa kwenye siku ya saa nane. Mwaka uliofuata sikukataliwa picha hata moja, na wala sijawahi kufika nchi kavu moyo ukinidunda nikingoja kuambiwa ndiyo au hapana. Nafika ninajua.

Kwa haya mengine uliyouliza: chukua ya kanyagio ukiweza, hasa kwa sababu mikono yote miwili inabaki huru kwa ajili ya wavu na ubao. Ubao nao ufunge kamba, maana ule wa alumini ukianguka unazama moja kwa moja, na bila ubao siku imekwisha. Laifu jaketi nunua yoyote inayokutosha na ambayo hutatamani kuivua. Mashindano mengi yanataka iwe mwilini muda wote uwapo majini, na maji ya mwezi wa tatu bado ni ya baridi ya kukukata pumzi. Pa kushukia, tazama upepo wa siku hiyo, uchague mahali ambapo mchana upepo utakurudisha badala ya kukupeleka.

Chambo nitakuandikia wiki ijayo, ni hadithi ndefu. Kabla ya hapo fanya nilichofanya mimi msimu wa baridi ule wote: nenda sokoni ununue sato mzima, asikatwe mkia wala kichwa. Mweke bafuni kwenye beseni la maji, vaa laifu jaketi, kaa kwenye kigoda cha chini, umtoe, umlaze ubaoni, upige picha kwa mkono mmoja huku mwingine unateleza. Fanya mara ishirini. Kisha weka hapa chini picha tatu, kadi ikiwemo, nizisome kabla ya jaji.