Kabla ya kuandika "in", "on" au "at", sikiliza Kiswahili chako

Wanafunzi wanaokuja kwangu tuisheni, hapa Chake Chake, wengi wamekwisha kukariri orodha nzima ya vihusishi vya Kiingereza, na bado wanaandika "I am in the door". Kinachowakwaza ni ile -ni yetu, inayofanya kazi zote peke yake: chunguni, mezani, mlangoni. Mwingereza anazigawa: "in the pot", "on the table", "at the door".

Ushauri wangu ni kuisema kwanza sentensi kwa Kiswahili. "Chunguni mna wali": hiyo mna inakwambia kitu kimo ndani, basi andika "in". Ukijikuta umesema pana, kama mezani pana kitabu au mlangoni pana mtu, iache "in". Kitu kikigusa uso wa kingine ni "on". Ukitaja mahali tu, ni "at".

Kisha angalia mwelekeo. Natoka sokoni, naenda sokoni: kwetu sokoni haibadiliki, kitenzi ndicho kinachobeba safari. Kwa Kiingereza lazima useme "from the market" na "to the market".

Vyombo vya safari vina desturi yake. Teksi ni "in", boti ya kwenda Unguja ni "on" hata ukikaa ndani kabisa. Kipimo ninachowapa ni kama unaweza kusimama na kutembea humo. Daladala nayo ni "on", na hizi zetu za kusimama umepinda shingo msinihoji.

Kwa wakati, shikeni tarehe ambayo kila mtoto wa skuli anaijua: "in 1964", "in January", lakini "on 12 January 1964". Saa ni "at". "Kwa" nayo ina vituko: kwa kisu ni "with", kwa boti ni "by", kwa miguu ni "on foot". Hizo karirini tu.

Kielezi na kihusishi huvaa nguo moja mara nyingi. Tazama kinachofuata: "She is inside the house" ina nomino mbele yake, hicho ni kihusishi. "She is inside" imeishia hapo, hicho ni kielezi.

Na si kila kielezi hupachikwa -ly. "I work hard" ni kujituma. "I hardly work" ni kwamba kazi karibu hufanyi. Nimesoma barua za kuomba kazi hotelini zenye hiyo ya pili, na mwenyewe kaipigia mstari.