Uhafidhina na soko huria si pete na kidole

Ndugu, unasema mhafidhina wa kweli, yaani mtetezi wa mila na utaratibu uliozoeleka, lazima apinge serikali kuingilia soko. Historia inakukatalia. Bismarck, kansela wa Ujerumani na mhafidhina hasa, ndiye aliyewaletea wafanyakazi wa huko bima ya afya ya lazima mwaka 1883, kisha pensheni ya uzeeni 1889. Uingereza nako chama cha wahafidhina, Conservative, kilipasuka 1846 waziri mkuu wao Robert Peel alipofuta ushuru wa nafaka za nje. Wabunge wake wengi walitaka wenye mashamba waendelee kulindwa.

Ila kupanga bei, hapo niko nawe. Nixon, rais wa Marekani kutoka Republican, chama cha wahafidhina wa huko, alizuia bei na mishahara isipande Agosti 1971, akarudia kuzuia bei 1973. Chakula cha kuku kilikuwa kinapanda, bei ya nyama imefungwa. Kuna wafugaji waliozamisha vifaranga hai kwenye mapipa ya maji, maana kuwalisha ilikuwa hasara tupu. Maelfu ya vifaranga, jamani, huku watu wanatafuta nyama!

Kwa hiyo bei nasema iachwe, pensheni ya mzee ilindwe, na bado najiita mhafidhina.