Kandwa Kabla Hujakwama

Wiki iliyopita msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, mimi mhasibu kama wewe. Zikifika tarehe za ritani shingo haigeuki. Unatumia dawa gani?" Situmii dawa, ndugu yangu. Nakandwa.

Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa Juni, nilikuwa nafunga hesabu za wateja kumi na mmoja, na mwisho wa kupeleka ritani za kodi ya mapato ni tarehe 30. Tarehe 27 nikainuka kuchukua faili, mgongo ukagoma. Nikabaki nimeinama kama mtu anayetafuta shilingi iliyomdondoka. Bosi akasema mbele ya wenzangu, "Vijana wa siku hizi mnaumwa viti." Kauli ile sijaisahau, na sina mpango. Eksirei haikuonyesha kitu. Daktari akasema misuli imekaza, nipumzike. Nipumzike, Juni!

Kijana wa jimu ya jirani akajitolea kunichua. Alinikanyaga mgongoni kwa kisigino. Nikaongeza siku mbili kitandani.

Shangazi ndiye aliyenipeleka Magomeni kwa bibi mmoja wa Kipemba. Anachanganya mafuta ya makonyo, yale ya vikonyo vya karafuu, na mafuta ya nazi, maana makonyo matupu yanaunguza ngozi. Akabonyeza kwa kidole gumba kati ya shingo na bega: "Mwanangu, umeficha kokoto humu?" Kichwa cha mtu mzima kina kilo tano hivi, ukikiinamishia kompyuta kutwa nzima, misuli ya pale ndiyo inayobeba. Nililia, sioni haya. Usiku ule nililala moja kwa moja mpaka adhana ya alfajiri.

Tangu hapo kila Jumamosi niko kwake. Ukisema unakwenda masaji mjini hapa watu wanakukonyeza. Wakonyeze.

Basi usingoje uumwe. Nenda kila wiki, ukishindwa kila wiki mbili. Nafuu yake ni ya siku chache, ndiyo maana nasema nenda kila wiki. Ila mguu mmoja ukivimba na kuuma ghafla, usiguswe, kimbilia hospitali: huenda damu imeganda kwenye mshipa, na kuichua kunaweza kuipeleka mapafuni. Ukiwa na homa au umevunjika, hivyo hivyo, usikandwe.

Na msiniambie hamna muda. Muda wa kubishana Simba na Yanga kijiweni, dakika tisini na za nyongeza, mnautoa wapi? Mwili mnaoutegemea kulipa ada za watoto mnaunyima nusu saa!

Mwaka huu nimefunga hesabu za wateja kumi na wanane, ritani ya mwisho nimeipeleka tarehe 24. Bosi wangu wa zamani nasikia siku hizi anatembea na mkanda wa kiuno. Namba ya bibi ninayo. Akiihitaji, aniombe kwa adabu.