Unayeuguza mtu nyumbani, angalia na mwili wako

Hii naiandika kwa wale mnaouguza watu nyumbani, mama kapooza, baba ana kansa, mtoto ana selimundu, na hasa nyie ambao kila siku mnaulizwa "mgonjwa anaendeleaje" ila hakuna anayeuliza wewe jana umelala saa ngapi. Nimemuuguza mama yangu baada ya kupata kiharusi, na katikati ya kumuuguza nikatoka mkanda wa jeshi. Tangu hapo nimesoma sana habari za stresi na kinga ya mwili maana nilitaka nielewe kwanini mimi na kwanini wakati ule.

Ambaye hajauguza mgonjwa wa kiharusi labda hajui usiku unavyokuwa. Mtu asiyeweza kujigeuza inabidi umgeuze kila baada ya masaa mawili hivi, la sivyo anapata vidonda vya kulalia, mgongoni chini, kwenye nyonga, visigino. Kwahiyo alamu ya simu inalia saa sita, inalia saa nane, inalia saa kumi, unaamka unamgeuza, unacheki pampasi, unamfuta, unamuwekea mto katikati ya magoti, ukirudi kitandani usingizi haupo tena kwasababu kichwani unapiga hesabu za dawa za presha na hela ya yule mtu wa mazoezi. Asubuhi kazini. Chakula changu kilikuwa uji aliobakiza mama, nasimama hapohapo pembeni ya kitanda nakunywa nimemaliza.

Ikaanza kuungua kwenye mbavu upande wa kulia. Ngozi haina kitu kabisa ila nguo ikigusa tu nashtuka. Siku chache baadae vikatoka vipele vya maji, vimejipanga kutoka mgongoni vinazunguka hadi chini ya titi, na vikaishia katikati ya kifua pale pale. Mama mdogo alivyoviona akanyamaza kwanza, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, umepima?" Wote tunajua alikuwa anauliza nini.

Nilipima, sina. Na wewe ukitoka mkanda nenda kapime wala usione aibu, maana VVU ni moja ya vitu vinavyoshusha kinga na ukijua mapema dawa zipo unaishi vizuri tu. Ila mkanda wa jeshi wenyewe sio ukimwi jamani, hili naomba lieleweke kwasababu kuna watu wanajifungia ndani kwa aibu mpaka muda wa dawa unapita. Ni kirusi kile kile cha tetekuwanga uliyougua utotoni. Ukipona kirusi hakiondoki, kinajificha kwenye mishipa ya fahamu karibu na uti wa mgongo, kinakaa humo miaka na miaka kinga ikiwa imekibana. Kinga ikilegea, iwe kwa umri, kwa dawa za kansa, kwa VVU, na uchovu na mawazo ya muda mrefu navyo vinatajwa humo, kinaamka kinatembea na mshipa wake mpaka kwenye ngozi, ndio maana vipele vinakaa upande mmoja tu. Na ile hadithi kwamba ncha mbili za mkanda zikikutana unakufa, nayo iacheni, inawatisha watu bure.

Sasa stresi inaingiaje hapo. Ubongo ukihisi hatari unatuma ujumbe mpaka kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, zinamwaga homoni za adrenalini na kotisoli. Stresi ya muda mfupi haina neno, tena kuna namna inasaidia, seli nyeupe zinaingia kwenye damu kwa wingi mwili unajiandaa kama ukiumia. Tatizo ni ile isiyokuwa na mwisho, ya mgonjwa ndani, madeni, ndoa yenye vita. Moja ya kazi za kotisoli ni kuituliza kinga isizidishe, na ikiendelea kuituliza miezi na miezi zile seli za kupambana na virusi zinapungua makali, huku kwa wengine mwili unafika mahali hauisikii tena kotisoli, ile hali ya mwili kuwaka ndani kwa ndani inapanda, na hiyo inahusishwa na magonjwa ya moyo na kisukari.

Kuna utafiti mmoja nikiusoma mpaka leo unanigusa. Mwaka 1995 kule Ohio, Marekani, Janice Kiecolt-Glaser na wenzake walichukua wanawake 13 waliokuwa wanauguza ndugu zao wenye ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, na wengine 13 wa umri huohuo ambao hawauguzi mtu, wote wakatobolewa kajeraha kadogo ka milimita 3.5 mkononi. Wale wanaouguza kajeraha kalichelewa kupona kwa kama siku 9 hivi. Kajeraha kalekale. Kwahiyo ndugu akikwambia "hizo ni fikra zako tu", mwambie zinafika mpaka kwenye ngozi.

Na mambo yanaenda pande zote mbili. Kinga ikipambana na ugonjwa inatoa kemikali zinazofika mpaka kwenye ubongo, ndio maana ukiwa na mafua makali au malaria unakosa hamu ya kula, hutaki watu, unataka kulala tu, unajiona hufai. Hata zamani homa ya ini C ilipokuwa inatibiwa kwa sindano za intaferoni, ambazo ni kemikali hizohizo za kinga, baadhi ya wagonjwa waliingia kwenye sonona kabisa. Kwahiyo ukitoka kuumwa ukajisikia mnyonge na kulialia, sio kwamba imani yako ndogo, mwili bado unamalizia kazi yake.

Kilichonisaidia mimi kwanza ni usingizi. Nilimpigia kaka yangu nikamwambia kaka, mwezi huu sikuombi hela, nakuomba usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi. Alikuja, nikamuonesha namna ya kumgeuza mama kwa kutumia shuka bila kumvuta bega lile lililopooza, na usiku huo nililala chumba kingine, mlango umefungwa, alamu imezimwa. Ombeni zamu jamani, pesa ya ndugu ni nzuri ila haiamki saa nane. La pili ni kula chakula chako kwenye sahani yako, umekaa. La tatu watu, mtafiti Sheldon Cohen wa Pittsburgh, Marekani, mwaka 1997 aliwawekea watu 276 virusi vya mafua puani, na wale wenye mahusiano ya aina nyingi, ndugu, marafiki, wa kazini, wa dini, ndio waliougua kidogo kuliko wapweke. Mimi nilirudi kwaya Jumamosi jioni, saa moja tu na nusu, na ilinitosha.

Ila kuna kitu naomba sana msifanye. Ukienda duka la dawa ukisema umechoka na huna hamu ya kula, kuna watakaokupa deksa (deksamethasoni) au prednisoloni, na kweli utakula, utanenepa mashavu, utajisikia una nguvu. Hizo ni za ukoo mmoja na kotisoli, zinashusha kinga, zinapandisha sukari na presha, na ukizitumia muda mrefu ukaziacha ghafla unaweza kuzimia. Ni dawa nzuri mikononi mwa daktari, basi.

Na mkanda ukianza, usipake dawa ya meno wala majivu. Dawa ya kuzuia kirusi, asaikloviri, inafanya kazi vizuri ukianza ndani ya masaa 72 tangu vipele vitoke, kwahiyo nenda hospitali siku ileile. Funika vipele kwa nguo, usikae karibu na mjamzito au mtoto mchanga ambaye hajaugua tetekuwanga, maana hayo maji yake yanaambukiza. Vikitokea usoni karibu na jicho, au kwenye ncha ya pua, hata kama ni usiku tafuta usafiri uende, jicho linaweza kupofuka.